Elimu Bure, Kapitesheni na Basari: Kwa Nini Hesabu za Pesa za Shule Hazikubaliani

Julai 2025, Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, alifika mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa inayoshughulikia elimu akasema wazi jambo ambalo wakuu wa shule walikuwa wakilinong'ona kwa muda mrefu: kwamba serikali haina uwezo wa kumtolea kila mwanafunzi wa sekondari Sh22,244 kwa mwaka kama ilivyoahidi, na kwamba kinachopatikana ni takriban Sh16,900. Habari ilipofika vijijini ilikuwa imeshabadilika sura. Wapo waliosikia kwamba elimu ya bure imefutwa, na wapo waliosema haikuwahi kuwepo. Viongozi wa serikali wakajitokeza kusisitiza kwamba ipo na itaendelea kuwepo, wapinzani wao wakajibu kwamba pesa zipo ila zinatumiwa vibaya, na mzazi aliyekuwa amepokea ujumbe kutoka shuleni akitakiwa kulipa hela za chakula cha mchana na za mwalimu wa ziada akabaki hajui amwamini nani.

Ninamwandikia mzazi huyo. Kwa miaka kadhaa niliwakilisha wazazi katika bodi ya usimamizi ya shule moja ya kutwa, na huko niligundua kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kuzitaja hesabu tatu tofauti kana kwamba ni moja. Mfikirie baba anayefanya kazi mjini na familia yake iko mashambani. Aliahidi kwamba kila mwezi atatuma kiasi fulani kwa kila mtoto. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Mwisho wa mwezi, akishalipa kodi ya nyumba na madeni, anaweka kando kiasi anachoweza kwa ajili ya nyumbani, na hiyo ni hesabu ya pili. Kisha kuna kiasi kinachoingia kwenye simu ya mama watoto, na tarehe kinapoingia. Ukimuuliza baba kama anatunza watoto wake, atakujibu kwa kuitaja ahadi. Ukimuuliza mama, atakuonyesha simu. Hakuna aliyedanganya kati yao, lakini watoto wanaishi kwa hesabu ya tatu.

Fedha za shule za umma ziko hivyo hivyo. Kuna kiasi kilichotangazwa, kuna kiasi kilichotengwa katika bajeti, na kuna kiasi kilichoingia katika akaunti ya shule. Mwanasiasa akitaja tarakimu bila kusema ni ipi kati ya hizo, hujapata habari yoyote.

Kapitesheni ni nini

Kapitesheni ni mgao ambao serikali ya kitaifa huipelekea shule ya umma kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Viwango vilivyotangazwa ni Sh1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, Sh15,042 kwa yule wa sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, na Sh22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari. Wanafunzi wenye mahitaji maalumu huongezewa juu ya hapo. Pesa hizo hutakiwa kununua vitabu, chaki na vifaa vya maabara, kulipa umeme na maji, kugharamia michezo, kukarabati majengo, na kulipa mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, kama vile karani, mpishi na bawabu.

Mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haumo humo. Tume humlipa mwalimu wake moja kwa moja, na shule haizioni pesa hizo. Lakini shule inapokuwa na upungufu wa walimu, bodi huajiri wake, ambao sote tunawaita walimu wa BOM, na hao ni lazima walipwe na shule. Walipwe kutoka wapi? Kutoka kwa kapitesheni ikiwepo, na isipokuwepo, kutoka kwa mzazi. Ule ujumbe wa "mwalimu wa ziada" ulianzia hapo.

Hesabu ya vichwa inasikika kuwa ya haki, na kwa kiasi fulani ni ya haki, kwa kuwa inafuata watoto badala ya kufuata ushawishi wa mkubwa fulani. Ila ina kasoro mbili zinazostahili kutazamwa kwa makini.

Ya kwanza ni kwamba shule ndogo huumia. Hata kwa kiwango kamili cha Sh22,244, shule ya wanafunzi 90 hupata takriban Sh2 milioni kwa mwaka, ilhali ya wanafunzi 1,200 hupata zaidi ya Sh26 milioni. Shule zote mbili zinahitaji bawabu usiku, karani ofisini, maabara moja angalau na mwalimu wa kila somo. Mlinzi wa lango hapunguzi mshahara kwa sababu watoto wanaopita langoni ni wachache. Ndiyo maana utazikuta shule mbili za kutwa katika tarafa moja, moja haidai chochote ila chakula, nyingine inadai michango mitatu, na wazazi wa hiyo ya pili wanaamini kwamba mkuu wao ni mwizi.

Ya pili ni kwamba kichwa hakihesabiwi mpaka kiwe kwenye mtandao. Mgao ulikuwa ukitolewa kwa kufuata idadi iliyosajiliwa katika NEMIS, rejista ya wanafunzi ya serikali iliyo mtandaoni, na ili mtoto asajiliwe kikamilifu alihitaji cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti aliketi darasani, akatumia dawati na daftari la mazoezi kama wenzake, lakini kwa upande wa fedha hakuwepo. Katika maeneo ambako vyeti ni adimu, hasa mipakani na katika kaunti za wafugaji, pengo hilo ni kubwa, na shule zenye uhaba zaidi ndizo zilizopunjwa zaidi.

Upande wa pili wa kasoro hiyo ndio unaosikika mara nyingi kwenye siasa: wanafunzi hewa, yaani majina yaliyosajiliwa bila watoto. Wapo, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilianza kuhakiki idadi ya wanafunzi katika shule zote kabla ya kutoa mgao. Kuwang'oa ni haki kabisa, kwa sababu kila jina hewa linakula sehemu ya mtoto halisi. Tusidanganyane tu kwamba wakiondolewa tatizo litakuwa limekwisha. Ukaguzi unaowatoa wasiokuwepo unapaswa pia kuwaingiza waliopo wasiohesabiwa, na hilo la pili silisikii likisemwa kwa sauti ile ile.

Neno "kutwa" lililopotea njiani

Mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2008 ulikuwa na jina refu: elimu ya sekondari ya kutwa bila malipo. Serikali ilianza na Sh10,265 kwa kila mwanafunzi, ikapandisha hadi Sh12,870, na mwaka 2018 ikafika Sh22,244. Katika mazungumzo ya kila siku neno "kutwa" lilidondoka, tukabaki na "sekondari bure", na mkanganyiko mwingi unatoka hapo.

Serikali iliahidi gharama za mtoto kufundishwa, haikuahidi kumlaza wala kumlisha. Mwanafunzi wa bweni hupewa kapitesheni sawa na wa kutwa, kisha mzazi hulipa gharama za bweni. Kwa shule za kitaifa na nyingi za kiwango cha juu, kikomo rasmi kimekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Mzazi anayelipa karo hiyo na kuuliza "elimu ya bure iko wapi?" anauliza swali halali, ila jibu lake ni kwamba iko ndani ya hizo Sh22,244 asizoziona, na karo yake ni ya kitanda, chakula na maji ya kuoga. Wakati huo huo, serikali inapozipeleka Sh16,900 badala ya Sh22,244, tofauti ya Sh5,344 haiyeyuki hewani. Shule ya wanafunzi 600 inakosa zaidi ya Sh3.2 milioni kwa mwaka. Bweni na mafunzo hupikwa kwenye jiko moja, na mkuu wa shule hukata upande mmoja kuziba mwingine.

Kwa shule ya msingi hali ni chungu zaidi ingawa haizungumzwi sana. Sh1,420 zikigawanywa kwa siku 180 tu za masomo hazifiki Sh8 kwa siku kwa mtoto. Kiasi hicho hakinunui hata kalamu. Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo chini ya Rais Mwai Kibaki, mgao ulikuwa Sh1,020, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza baada ya milango hiyo kufunguliwa. Mafanikio hayo ni makubwa na hayapaswi kubezwa na yeyote. Lakini bei ya kila kitu imepanda tangu hapo mara kadhaa, na mgao umeongezeka kwa Sh400.

Kenya iliwahi kuupita mkondo huu. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Kamati za shule, zikiwa na watoto wengi ghafla na hazina pesa za madarasa, zikaanzisha ada ya ujenzi, na katika sehemu fulani wazazi walijikuta wakilipa zaidi ya karo iliyofutwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sera ilikuwa imegeuka rasmi kuwa ya kugawana gharama kati ya serikali na mzazi, na watoto wengi wa maskini wakaacha shule. Nikiwasikia wanasiasa wa leo wakisema kwamba mchango mdogo wa mzazi hauwezi kumfukuza mtoto shuleni, huikumbuka miaka hiyo.

Shilingi bilioni 702 na swali la asilimia

Katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26, sekta ya elimu ilitengewa Sh702.7 bilioni. Hakuna sekta nyingine iliyopata kiasi hicho. Mtu akisikia tarakimu hiyo kisha akaambiwa shule haina chaki, ni kawaida kufikiri kwamba kuna mtu kaiba. Tuifungue tarakimu yenyewe kwanza.

Zaidi ya nusu, Sh387.8 bilioni, ni za TSC, yaani walimu na mishahara yao. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ilitengewa Sh41.5 bilioni. Vyuo vikuu, vyuo vya ufundi, ufadhili wa masomo, mitihani na ofisi za wizara vina mafungu yao. Kapitesheni yenyewe iligawanywa hivi: Sh7 bilioni kwa shule za msingi, Sh28.9 bilioni kwa sekondari msingi na Sh51.9 bilioni kwa sekondari. Jumla yake ni Sh87.8 bilioni, karibu sehemu moja ya nane ya zile bilioni 702. Mkuu wa shule yako anaishi ndani ya hiyo sehemu moja ya nane. Hasemi uongo anapodai kwamba bajeti kubwa ya elimu haijamfikia, na Hazina Kuu nayo haisemi uongo inapodai kwamba elimu ndiyo inayopata fungu kubwa kuliko sekta zote.

Sasa chukua hizo Sh51.9 bilioni za sekondari uzigawe kwa Sh22,244. Utapata takriban wanafunzi milioni 2.3. Zigawe kwa Sh16,900 utapata kidogo zaidi ya milioni 3. Hapo ndipo maneno ya Waziri Mbadi yanapoeleweka. Kutenga kiasi kile na kutangaza kiwango kile kwa idadi ile ya watoto ni sawa na kupima unga wa watu wanane na kualika kumi na moja. Sahani hazitakosa kupungua, hata kama mpishi ni mwaminifu kiasi gani. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la serikali zilizofuatana si kwamba zilikosa pesa, maana nchi yoyote yaweza kukosa. Kosa ni kwamba kiwango kilichotangazwa kiliachwa kwenye karatasi kwa miaka huku bajeti ikipitishwa kwa kiwango cha chini, na Bunge, ambalo ndilo linalopitisha bajeti hiyo, likashangaa pamoja nasi.

Kuna mvutano mwingine wa tarakimu unaowachanganya wengi. Upande mmoja unasema elimu inapata asilimia 28 ya bajeti, upande mwingine unasema ni asilimia 16. Zote mbili zinatoka kwa Sh702.7 bilioni zile zile. Bajeti nzima ya mwaka huo ilikuwa takriban Sh4.29 trilioni, na ukigawa kwa hiyo unapata kama asilimia 16. Ukiondoa kwanza pesa za kulipa madeni, malipo mengine yanayolindwa na katiba na mgao wa kaunti, kinachobaki kwa wizara na idara za serikali ya kitaifa ni karibu Sh2.5 trilioni, na elimu inakuwa kama asilimia 28 ya hicho kilichobaki. Kigezo ambacho mataifa yalikubaliana mwaka 2015 chini ya UNESCO ni asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yote ya umma, au asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa. Kwa hiyo ukimsikia mtu akilinganisha asilimia 28 na kigezo hicho na kusema Kenya imekipita kwa mbali, amelinganisha vitu viwili visivyofanana.

Tofauti kati ya 28 na 16 ni deni kwa sehemu kubwa. Deni la umma limepita Sh11 trilioni, na riba yake hulipwa kabla ya chaki. Hapo ndipo mjadala halisi wa kisiasa ulipo, nao ni mjadala wa kweli wenye hoja pande zote. Anayetetea serikali atakwambia kwamba mapato hayatoshi na kwamba wananchi walipokataa Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ulilenga kukusanya Sh346 bilioni zaidi, ukaondolewa, baadhi ya matumizi hayakuwa na budi kupunguzwa. Anayeipinga atakwambia kwamba kabla ya kumgusa mtoto kulikuwa na safari, magari, ofisi na miradi iliyostahili kuguswa kwanza. Mimi naegemea upande wa huyu wa pili, lakini sidai kwamba hesabu inanilazimisha. Ni uamuzi wa kipaumbele, na vipaumbele huchaguliwa na wanasiasa tunaowapigia kura.

Kalenda mbili zisizokutana

Hata pesa zilizotengwa huchelewa, na sababu mojawapo ni ya kikalenda. Mwaka wa shule huanza Januari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kapitesheni hutakiwa kutolewa kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Kwa hiyo mwaka mmoja wa shule hula kutoka kwa bajeti mbili, na bajeti iliyopitishwa Juni hulipia muhula wa tatu wa mwaka unaokwisha pamoja na mihula miwili ya mwaka ujao. Kukiwa na upungufu katika makusanyo ya kodi kufikia Desemba, awamu kubwa kabisa, ile ya Januari, ndiyo inayokuta kapu tupu. Shule inafungua, wanafunzi wanaingia, pesa hazipo.

Na kutengwa kwenye bajeti si kutolewa. Bajeti ni ruhusa ya kutumia, na Hazina Kuu hutoa kadiri kodi inavyoingia. Mishahara na madeni haviwezi kungoja, kwa hiyo kinachongoja ni chaki.

Nakumbuka mkutano wa bodi wa muhula wa pili mwaka mmoja. Mhasibu alisoma orodha ya wadai ukurasa mmoja na nusu. Aliyekuwa juu kabisa ni mzee mmoja aliyetuuzia mahindi na maharagwe kwa ajili ya chakula cha mchana, akidai mihula miwili. Alikuwa ameruhusiwa kuingia, ameketi karibu na mlango na kofia yake magotini. Mkuu wa shule akamweleza kwa upole kuhusu awamu za mgao na Hazina Kuu. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikuiuzia serikali mahindi. Nilikuuzia wewe." Hakuna aliyekuwa na la kumjibu. Muhula uliofuata alituuzia tena, kwa bei ya juu kidogo, kwa kuwa sasa alijua atakopwa. Hivyo ndivyo kuchelewa kunavyogeuka kuwa gharama: shule inayonunua kwa mkopo hununua ghali, na ghali hiyo inarudi kwa mzazi kama ongezeko la hela za chakula.

Basari ni pesa za nani

Pengo kati ya kilichoahidiwa na kinachofika shuleni lingeonekana wazi zaidi kama lisingefunikwa na basari, yaani msaada wa karo kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Mtoto anapofukuzwa kwa karo, mzazi hukimbilia ofisi ya mbunge, ambako kuna hazina ya maeneobunge, NG-CDF. Akikosa huko anakwenda kwa mwakilishi wa wanawake, kisha kwa serikali ya kaunti, kisha kwa diwani wa wadi. Kila mlango una fomu yake na mihuri yake, na mara nyingi kila mlango hutoa kidogo, hivi kwamba mzazi mwenye muda na nauli hukusanya kutoka milango minne, na mjane asiye na nauli hukosa yote.

Wengi huamini kwamba basari ni msaada wa mheshimiwa. Si hivyo. Ni kodi ile ile iliyopita mkono mwingine. Ndiyo sababu limejitokeza pendekezo la kukusanya pesa zote za basari na kuziingiza katika kapitesheni, ili zimfuate kila mtoto bila fomu. Hoja hiyo ina nguvu, na mimi naiunga mkono kwa sehemu kubwa. Lakini wanaoipinga wana jambo la msingi pia: kapitesheni hugawanya sawa kwa sawa, kwa tajiri na kwa maskini, ilhali basari, inapotolewa kwa haki, humtafuta yatima na asiyejiweza. Zikiunganishwa zote, mtoto wa bweni ambaye mzazi wake hana kitu atabaki na zile Sh53,554 bila mlango wowote wa kubisha. Mpango wa busara ungetenga fungu kwa ajili ya hao wachache na kulisimamia nje ya ofisi za wagombea.

Mahakama nazo zimeingia. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF ya mwaka 2015 inakiuka katiba na kwamba hazina hiyo ifike kikomo Juni 30, 2026. Mwaka 2025 wabunge wakapitisha mswada wa kurekebisha katiba ili kuipa hazina hiyo makao ndani ya katiba yenyewe. Kwa upande wa kaunti, katiba imezipa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, wala si sekondari, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kutoa basari kwa ngazi zisizo zao. Magavana wakalalamika, kesi zikafunguliwa, na wazazi wengi wakaelewa kwamba basari imepigwa marufuku. Kilichoulizwa kilikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kuitoa.

Katiba na sheria zinasema nini hasa

Ibara ya 53 ya katiba inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Baadhi ya wanasiasa hujibu kwamba haki kama hizi hutekelezwa polepole kadiri uwezo unavyoruhusu. Hapo wanachanganya ibara mbili. Utekelezaji wa hatua kwa hatua umetajwa katika ibara ya 21 kuhusu haki za ibara ya 43, ambamo elimu kwa watu wote, ikiwemo ya vyuo, imo pamoja na afya na makazi. Haki ya mtoto katika ibara ya 53 haikutajwa hapo. Mahitaji ya mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye mfumo wake wa ufadhili wa mwaka 2023 umekuwa mahakamani, yanaweza kujadiliwa kwa lugha ya uwezo wa serikali. Ya mtoto wa gredi ya 4 ni vigumu zaidi kuyajadili hivyo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iko wazi zaidi kwa mambo ya kila siku. Shule ya umma haiwezi kumtoza mtoto wa Kenya karo ya mafunzo. Michango mingine inaruhusiwa, ila kwa idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hawezi kuzuiwa kuhudhuria masomo kwa sababu ya kutoilipa. Kila anayepokea pesa lazima atoe risiti rasmi. Kwa hiyo mzazi aliyepokea ule ujumbe ana maswali matatu ya kumuuliza mkuu wa shule kwenye mkutano wa wazazi, kwa heshima na bila kumwita mwizi: mchango huu umeidhinishwa kwa barua ipi, kapitesheni ya muhula huu imeingia kiasi gani na tarehe ngapi, na pengo lililobaki limeandikwa wapi. Katika bodi yetu, mwaka ambao mkuu wa shule alianza kubandika tarakimu hizo kwenye ubao ulio nje ya ofisi yake, pamoja na tarehe ya kila shilingi iliyoingia, wazazi hawakulipa hela za chakula kwa wingi zaidi. Waliandika barua kwa mbunge, wakaambatisha nakala ya ubao.